Kisu Kilitangulia Mkuki

Kisii hakuna mnyama mkubwa wa kuwindwa. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika kaunti hiyo, takriban watu 960 kwa kila kilomita ya mraba, na wengine 605,576 katika Nyamira jirani. Kila kilima kimekatwakatwa kuwa vishamba vya chai, migomba na mahindi, na ua wa jirani unaanza pale unapoishia wako. Tembo tulio nao ni wale wa Tabaka, wanaochongwa kutokana na jiwe la sabuni na kupelekwa Nairobi na ng'ambo. Sungura akikatiza shambani, vijana hutupa majembe na kumkimbiza wakipiga kelele, na mara nyingi sungura ndiye anayeshinda.

Kwa hiyo mtu wa huku anayejitia kuzungumzia kazi ya kumchuna na kumpasua nyati au pofu hapo hapo alipoangukia ana deni la maelezo. Deni langu nalilipa kwa kiboko.

Nyayanga iko kwenye rasi ya Homa, kando ya Ziwa Viktoria, katika kaunti ya Homa Bay. Si mbali. Kukiwa na hewa safi baada ya mvua, mtu aliyesimama ukingoni mwa genge la Manga huona ziwa likimetameta kule chini, upande huo wa magharibi. Mnamo Februari 2023, timu ya watafiti iliyoongozwa na Thomas Plummer, ikishirikiana na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, ilitangaza katika jarida la Science walichokifukua hapo: vifaa vya mawe 330, mifupa ya wanyama 1,776, na katikati ya vitu hivyo mabaki ya viboko wawili waliokuwa wamekatwakatwa. Umri wake ni kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3, na watafiti wenyewe wanaelekea zaidi kwenye milioni 2.9. Kiboko mmoja ameachwa na mkato wa kina kwenye kipande cha ubavu. Mwenzake ana mikato minne mifupi, iliyopangana sambamba, kwenye mfupa wa muundi.

Mikato hiyo minne ndiyo iliyonishika. Sina shahada ya mifupa, lakini nimeshika kisu penye ng'ombe mara nyingi, na ninaijua mikato ya namna hiyo. Ni ya mtu anayejaribu mahali pale pale, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwa sababu nyama imeng'ang'ania mfupa na makali yameanza kuwa butu. Muundi hauna mnofu mwingi, una kano. Aliyekuwa pale, awe nani, alikuwa anahangaika na kano.

Na awe nani hasa? Hapo pana utata wa kupendeza. Pamoja na mifupa na mawe hayo yalipatikana magego mawili ya Paranthropus, kiumbe mwenye taya kubwa ambaye si babu yetu bali ni binamu wa babu yetu, aliyetoweka bila kuacha kizazi. Pengine ndiye aliyekuwa na kisu, pengine yeye mwenyewe alikuwa kitoweo, pengine alifia hapo tu. Hakuna anayeweza kuapa. Jambo jingine lisiloweza kuapiwa ni kwamba viboko wale waliwindwa. Katika mifupa yote ile hakuna dalili ya silaha. Mikuki ya mbao ya kale zaidi inayojulikana duniani imepatikana Ulaya, na hata iliyo mizee kuliko yote haifiki miaka nusu milioni. Kuna basi pengo la zaidi ya miaka milioni mbili kati ya kisu na mkuki. Jinsi ninavyosoma mambo hayo, ufundi wa kumfungua mnyama mkubwa ulikuja mapema sana kuliko ufundi wa kumwangusha. Tulijua kupasua kabla hatujajua kuua.

Wawindaji hawapendi kusikia hivyo. Katika masimulizi yao mnyama akishaanguka hadithi imekwisha, na kinachofuata huachiwa wachukuzi. Lakini fikiria kiboko. Uzito wake unafika tani moja na nusu na kupita. Ngozi yake mahali pengine ina unene wa sentimita tano. Ukiwa na kipande cha jiwe tu mkononi, chenye makali mapya yaliyopatikana kwa kugonga jiwe kwa jiwe, utakata mara chache, kitakuwa butu, utakitupa na kugonga kingine. Ndiyo maana mawe yamejaa pale. Fisi na simba wako njiani, jua linapanda, na moto bado haujajulikana: wangelazimika kula nyama hiyo mbichi, labda baada ya kuiponda kwa mawe ili meno yaiweze. Katika hali hiyo, mwenye akili ni yule anayejua pa kuanzia.

Pa kuanzia hapajabadilika. Mnyama mkubwa mno hatundikwi mtini. Hupasuliwa pale alipolala. Analazwa ubavu au chali, watu wawili wakishikilia miguu. Ngozi hufunguliwa kwa mstari mmoja wa katikati, kutoka kooni hadi karibu na mkia, makali ya kisu yakiangalia juu na vidole viwili vikitangulia ncha, ili kikate kutokea ndani kwenda nje. Ukikata kutoka juu unapeleka manyoya na vumbi ndani ya nyama, na ukizamisha kisu kidogo tu umetoboa tumbo. Ukishachuna upande mmoja, ngozi ile unaitandika chini. Ndiyo meza yako. Unamgeuzia mnyama juu yake, unachuna upande wa pili, na nyama haigusi mchanga. Kwetu twaongeza majani ya mgomba, na huo ni utajiri ambao watu wa mbugani hawana.

Kisha tumbo. Tumbo kubwa la ng'ombe hubeba zaidi ya lita 100 za nyasi zinazochachuka. Mnyama amekufa, ila vijidudu vya tumboni havijapata habari. Vinaendelea na kazi, gesi inajaa, na usipowahi utakuta tumbo limevimba na harufu imeshaingia kwenye nyama. Hapo haraka inatakiwa, lakini mkono usitetemeke, kwa maana nyongo iko karibu na ini, na kibofu kiko chini, na kimoja kati ya hivyo kikipasuka utasemwa msimu mzima. Joto ndilo adui mkubwa. Mwili uliokuwa na nyuzi 38 au 39 haupoi kwa kutamani. Ndani ya paja, karibu na mfupa, joto hukaa kwa saa nyingi, na nyama huanza kuoza huko ndani huku ukiiona ya nje ni nzuri. Kwa hiyo mapaja hutenganishwa mapema, hewa ipite.

Kuna jambo jingine ambalo wawindaji wa kale walilijua mdomoni kabla ya maabara kulieleza. Mnyama aliyekimbizwa sana huwa na nyama nyeusi, yenye kunatanata, isiyodumu. Misuli ina akiba ya sukari. Mnyama akifa ametulia, akiba hiyo hugeuka asidi polepole na nyama hujilinda kwa muda. Akifa baada ya mbio ndefu, akiba imekwisha kuchomwa. Hofu ya mnyama inaliwa. Huwa nalikumbuka hilo kila ninapoona fahali anaburutwa kwa kamba na vijana kumi wanaocheka, asubuhi ya sherehe.

Maana darasa letu sisi ni fahali. Mnyama wa pori hayuko, lakini mwaka wa Gusii, huku kwetu Kisii na Nyamira, haupiti bila kisu: matanga, mahari, na tohara za Novemba na Desemba. Mzee aliyenifundisha alikuwa na kisu kimoja kilichokwisha kunolewa hadi kikabaki chembamba cha kutisha. Alikuwa hatumii shoka mpaka afike kwenye mbavu. "Usikisukume, mwanangu, kivute," aliniambia. Nilipojaribu kukata mfupa wa goti, alinishika mkono akauhamisha kwa upana wa kidole kimoja tu, na mguu ukaachia wenyewe. Hakueleza chochote. Kwake mnyama hakuwa mnofu wenye mifupa ndani. Alikuwa jengo la viungo, na kila kiungo kina mlango wake. Mpasuaji mwenye ujuzi, nadhani, haachi alama mfupani. Alama huachwa na mwanafunzi. Hilo likiwa kweli, basi mikato minne ya Nyayanga ni ya mwanafunzi, na wataalamu wanajifunza historia yetu kutokana na mikono iliyokuwa bado haijaiva.

Ila ugumu wa kazi hii hauko kwenye viungo. Uko kwenye ugawaji.

Mtu mmoja hawezi kumla nyati. Familia moja haiwezi. Mnyama mdogo unaweza kumficha. Mkubwa anawaita watu hata kama hutaki, kwa tai walio angani na moshi na harufu. Wahadza wa Ziwa Eyasi, Tanzania, ambao sheria ya nchi yao inawaruhusu kuwinda, wana desturi ambayo watafiti wameiandika kwa miaka mingi: akiuawa mnyama mkubwa, watu wa kambi huenda kuibeba nyama, na akiwa mkubwa kupita kiasi kambi yenyewe inaweza kuhamia alipo. Lakini baadhi ya sehemu, moyo na figo zikiwemo, ni za epeme: huliwa faraghani na wanaume waliokwisha kuingizwa kwenye siri hiyo, na asiyehusika haruhusiwi hata kuona. Mishale ilikuwa ya mtu mmoja. Nyama si yake. Mgawanyo ulishapangwa kabla yeye hajazaliwa.

Nyumbani kwetu mpango ulikuwa mpole zaidi, lakini ulikuwepo. Ini lilichomwa kwanza, papo hapo, kwa ajili ya waliokuwa na damu mikononi. Shingo ilikuwa ya wachinjaji, kichwa na miguu vikaenda kwenye supu ya wazee, matumbo yakabebwa na kina mama hadi mtoni kuoshwa, na mtoto aliyeshikilia mguu tangu mwanzo hakuondoka mikono mitupu. Boma la pili huenda lilikuwa na mpango mwingine, na ugomvi mwingi wa wakwe niliowahi kuushuhudia ulianzia pale mpango wa boma moja ulipokutana na wa jingine. Hata muziki ulikuwa na fungu lake: obokano, kile kinubi kikubwa cha Gusii chenye nyuzi nane, huwambwa ngozi, na nyuzi zake zamani zilikuwa za kano. Mtu aliyehangaika na kano za muundi alikuwa anahangaikia wimbo pia.

Halafu kulikuwa na wanyama wa koo, wale ambao hawakupaswa kupasuliwa kabisa. Watu wa Bonchari mnyama wao ni kiboko, engubo. Wa Bobasi ni punda milia, enchage. Wa Kitutu na Mugirango ni chui, engo. Wa kwako humuui wala humli, hata akikatiza mbele yako akiwa amenona. Nimejiuliza Mnchari aliyeajiriwa kufukua kule Nyayanga angefanya nini alipofikiwa na ule ubavu uliokatwa. Pengine angeupiga mswaki kama mwanasayansi mwingine yeyote. Lakini chakula cha mchana siku hiyo angekila upande wa pili wa kilima, naamini.

Mawe nayo yana habari. Kanjera Kusini, kwenye rasi hiyo hiyo, kuna mahali pa umri wa miaka milioni mbili hivi ambapo swala walichinjwa, na sehemu ya vifaa vyake ni vya mawe yasiyo ya hapo. Yalibebwa kilomita 10 au zaidi kutoka mashariki, na wanajiolojia huyaweka katika kundi moja na miamba inayojenga vilima vya Kisii. Watafiti wa Nyayanga walikuja kuonyesha mwaka 2025 kwamba hata huko, miaka mingi zaidi nyuma, mawe mazuri yaliletwa kutoka hadi kilomita 13. Mtu habebi jiwe umbali huo kwa njaa ya leo. Analibeba kwa sababu anajua kesho kutakuwa na nyama mahali fulani, na kwamba jiwe la huko ni bovu. Sijui kama naruhusiwa kujivunia, ila najivunia.

Karne ya ishirini ilikuja na wapasuaji wa aina nyingine. Mwishoni mwa 1907 Winston Churchill, akiwa naibu waziri wa makoloni, alizuru Afrika Mashariki na kuwinda kifaru. Januari 1908, Mgusii aliyeitwa Otenyo alimchoma mkuki ofisa wa serikali ya Waingereza, Northcote, katika nchi ya Kitutu. Adhabu ikashuka: nyumba zikachomwa, ng'ombe wakatekwa kwa maelfu, watu wakapigwa risasi. Taarifa za vifo zilipofika London, Churchill huyo huyo aliandika kwamba jambo hilo lilionekana kama uchinjaji tu, na kwamba Bunge likipata habari kutakuwa na shida. Mwaka mmoja baadaye, 1909, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka kuachia urais wa Marekani, alipita katika nchi iliyokuwa ikiitwa Sotik, mlangoni mwa Gusii, akiwa na wachukuzi mamia, wataalamu wa kuchuna ngozi, na tani kadhaa za chumvi. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama zaidi ya 500 katika safari hiyo. Ngozi zilitiwa chumvi zikaenda kwenye jumba la makumbusho la Smithsonian, Washington. Nyama ililiwa kambini, sehemu kubwa na wachukuzi.

Huo nao ni ugawaji: ngozi na fuvu kwa mwenye bunduki, mnofu kwa mwenye mzigo. Simlaumu mchukuzi aliyeshiba usiku ule. Ninachokiona ni kwamba sehemu ya mnyama iliyothaminiwa zaidi ikawa ile isiyoliwa, na yule aliyekuwa akimwinda swala ili ale, babu yangu na wenzake wa mabondeni, akaanza kuitwa jangili kwenye makaratasi.

Mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji, na bunduki ya mtalii ikanyamaza pamoja na upinde wa mkulima. Miaka ya 1990 wenye ranchi waliruhusiwa kuvuna baadhi ya wanyama kwa majaribio, hadi 2003 ruhusa hiyo ilipofutwa. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inamwadhibu anayewinda ili ale na anayewinda ili auze. Wenzetu wa Tanzania walishika njia nyingine, na tangu 2020 wana kanuni za mabucha ya nyamapori. Mtu anaweza kununua nyama ya nyati na kupewa risiti. Mimi niko upande wa marufuku. Nikitazama swala wachache wa aina ya korongo waliobaki katika Hifadhi ya Ruma, bonde la Lambwe, ambao ndio pekee Kenya nzima, sioni ni nani anayestahili kumfungua mmoja wao kwa kisu. Lakini sitajifanya kwamba hakuna kilichopotea.

Na kuna sababu nyingine ya kuheshimu sheria, inayowahusu hata wale wa fahali. Mzoga usioujua kifo chake usiufungue. Kimeta, ugonjwa ulioua viboko kwa mamia katika Hifadhi ya Queen Elizabeth, Uganda, mwaka 2004 na 2005, hukaa kwenye udongo kwa miongo mingi, na mzoga wake ukipasuliwa mbegu zake hutawanyika. Damu nyeusi isiyoganda inayotoka puani au nyuma ni onyo ambalo wazee walilijua. Homa ya Bonde la Ufa, iliyotambuliwa mara ya kwanza hapa Kenya mwaka 1931 karibu na Naivasha, huwapata wachinjaji kupitia damu. Mlipuko wa 2006 na 2007 uliua watu zaidi ya 150 nchini. Ndiyo kazi ya mkaguzi wa nyama na muhuri wake. Mara nyingine nawawazia wale wa Nyayanga wakikuta kiboko amelala kando ya maji, amekufa peke yake, tumbo limevimba. Wasiokuwa na neno la kimeta walikuwa na pua zao tu.

Siku hizi kisu chenyewe kinaondoka bomani. Matanga yana kamati, kamati ina kundi la WhatsApp, na bajeti ina mstari ulioandikwa "nyama" ukifuatiwa na kilo. Wapishi wa kukodi wanafika na gari, mahema na sufuria zinazotosha kumzamisha mtoto. Fahali anachinjwa alfajiri, na kabla jua halijawa kali ameshakuwa vipande vya ukubwa mmoja, paja na kidari na nundu pamoja, vyote ndani ya mchuzi mmoja. Ni haki zaidi kwa namna fulani. Mjane anapata sawa na chifu. Nyama yenyewe huwa ngumu, kwa sababu inapikwa misuli ikiwa ndiyo kwanza imekaza, lakini hakuna anayelalamika kwa sauti kwenye msiba.

Isipokuwa mzee mmoja niliyeketi naye mwaka jana, upande wa Suneka. Alikuwa ameshiriki kumwangusha fahali asubuhi, kwa umri ule, na damu ilikuwa bado kwenye kucha zake. Alipoletewa sahani aliitazama, akamwita mpishi, kijana mwenye kofia nyeupe.

"Shingo iko wapi?"

"Mzee, shingo iko humo humo."

"Humo wapi?"

Kijana akaonyesha sufuria. Mzee akamrudishia sahani. "Basi nitafutie," akasema, na kijana, aliyelelewa vizuri, akachukua mwiko mrefu akaanza kukoroga akichungulia, huku nyuma yake foleni ikizidi kurefuka na watu wakimuuliza kinachochelewesha ni nini.